Je, mtoto aliye tumboni asikia hofu?



Mwisho wa mwezi wa Mei 2025 tulikuwa tukifundisha mama wa parokia yetu hapa Goma. Somo lilikuwa habari ya Bikira Maria alipomwendea Elizabeti, na mtoto Yoane akaruka kwa furaha tumboni mwa mama yake. Ni somo tulilolifundisha mara nyingi tangu tulipotoka seminarini, nasi tulidhani twalijua. Tulipomaliza tukauliza kama ilivyo desturi: «Nani ana swali?»

Mama mmoja akainua mkono. Alikuwa na mimba kubwa. Mwezi wa Januari mwaka ule, vita vilipoingia mjini na askari wa M23 wakautwaa mji, yeye alilala chini ya kitanda pamoja na watoto wake wawili, risasi zikitoboa bati la nyumba. Mimba yake ilikuwa changa bado. Akasema:

«Mwalimu, kama mtoto aliye tumboni asikia furaha, si asikia na hofu pia? Huyu wangu amekula hofu tangu mwanzo. Atazaliwa mtu wa namna gani?»

Wenzake wakanyamaza kimya. Tuliona wengi wameinamisha vichwa, huyu ameshika tumbo, yule ameshika mguu wa mtoto aliye mgongoni. Kumbe swali halikuwa la mtu mmoja.

Zamani tungalimjibu upesi: «Sali, mama, wala usiogope.» Ni neno jema, lakini si jibu la swali lake. Siku ile hatukuthubutu kumjibu hivyo, kwa sababu swali hilo lilikwisha kuingia nyumbani mwetu sisi wenyewe, nalo lilitukuta vibaya. Tutawaeleza.

Tulivyokimbia mlima

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ukashuka hata pembeni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege, ukasimama hapo. Lakini ardhi haikutulia. Siku zilizofuata ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka, na watu wakalala nje. Alhamisi alfajiri, tarehe 27 Mei, serikali ikaamuru watu wa mitaa 10 katika mitaa 18 ya mji waondoke mara moja.

Mama wa mtoto wetu alikuwa na mimba ya majuma 31. Tulishika njia ya Sake, mwendo wa kilometa 25 hivi, kwa miguu, katikati ya watu wengi kama siafu. Sisi tulibeba godoro, yeye alibeba sufuria na kikwembe cha nguo. Njiani alianza kulia. Tulimwambia anyamaze, kwani wengine wana shida kuliko yeye. Akaendelea kulia, nasi tukamkaripia mbele ya watu. Tena tulikwenda mbele yake, hatukumgojea.

Usiku wa pili, tukiwa tumelala sakafuni katika darasa la shule, uchungu wa kuzaa ukamshika. Pikipiki ikamchukua mpaka hospitali. Huko walimchoma sindano, na mwuguzi akasema: «Hii si dawa ya mama, ni dawa ya mtoto.» Hatukuelewa maana yake. Alichomwa mara nne, kila baada ya saa 12. Baadaye mtoto akazaliwa, mwanamume, gramu 1,500. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama kidole chetu.

Mama yetu mzazi alikuja kumwona. Akamtazama mjukuu wake kitambo, akatikisa kichwa, akasema: «Ni machozi ya mama yake yaliyomtoa. Mwanamke akilia hivyo, mtoto hawezi kukaa ndani.»

Mama wa mtoto wetu alisikia. Hakumjibu mkwe wake. Alitugeukia sisi, akatutazama, akingoja tuseme neno. Nasi hatukusema kitu. Tuungame kweli: moyoni tuliona afadhali kosa liwe lake.

Mlinzi aliye juu ya kilima

Mama Sista aliyewatunza watoto wadogo alikuwa amesimama karibu. Kesho yake akatuita kando, akatuuliza: «Mwalimu, seminarini walikufundisha jinsi mtu anavyoogopa?» Tukajibu kwamba tulifundishwa habari za roho na maono yake. Akacheka, akasema: «Basi keti, usikie na habari za mwili.» Mengine tuliyajua baadaye kwa kuuliza na kusoma, lakini mlango aliufungua yeye.

Alisema mwili ni kama kijiji. Juu ya kilima hukaa mlinzi: ni sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo hipothalamu. Mlinzi akiona adui hashuki mwenyewe, bali humtuma mjumbe kwa tezi moja ndogo kama punje ya kunde, inayoning'inia chini ya ubongo. Tezi hiyo nayo humtuma mjumbe wa pili katika damu, mpaka kwenye tezi mbili zinazokaa juu ya mafigo kama kofia. Hizo ndizo zinazotoa homoni iitwayo kortisoli. Kortisoli hufungua ghala za mwili, sukari ikaingia katika damu, mtu akapata nguvu ya kukimbia au kupigana. Wataalamu watatu, Kendall, Hench na Reichstein, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo.

Na mtazame hekima iliyomo. Kortisoli ikiwa nyingi hurudi mpaka kilimani na kumwambia mlinzi: «Yatosha, acha ngoma.» Mlinzi akisikia, kijiji hulala. Asiposikia, ngoma hulia usiku kucha ingawa adui amekwisha kwenda zake. Watu wanaokimbia vita mara kwa mara wanaijua hali hiyo hata kama hawajui jina lake: mlango ukigongwa kidogo tu, moyo unaruka.

Kijiji kinavyojengwa tumboni

Je, mtoto aliye tumboni anaye mlinzi huyo? Anaye, na anajengwa mapema sana. Tezi za juu ya mafigo huanza kujitengeneza katika mwezi wa pili wa mimba, wakati ambapo mama wengine hawajajua bado kwamba wana mimba. Nazo hukua kwa namna ya ajabu. Mtoto anapozaliwa na kilo 3, tezi zake mbili zina uzito karibu sawa na zile za mtu mzima. Sehemu kubwa yake ni ya kazi ya tumboni tu: hutoa vitu ambavyo kondo la nyuma huvigeuza kuwa homoni za kuilinda na kuiongoza mimba. Mtoto akiisha kuzaliwa, sehemu hiyo hunyauka, na katika majuma machache tezi hupungua karibu nusu.

Mwaka 1994 waganga wa London walitangaza jambo moja lililotugusa sana. Walikuwa wakiwatibu watoto walio bado tumboni kwa kuwatia damu kwa sindano. Wengine walichomwa penye kitovu, mahali pasipo na mishipa ya kusikia maumivu. Wengine walichomwa ndani ya mwili wenyewe. Kwa hao wa pili kortisoli ilipanda katika damu yao. Kwa wale wa kwanza haikupanda. Basi katika nusu ya pili ya mimba mlinzi wa mtoto yuko kazini, naye aweza kupiga ngoma yake mwenyewe.

Na hofu ya mama, je, humfikia? Hapa Mungu ameweka mlinda mlango. Kondo la nyuma lina kitu kinachoikamata kortisoli ya mama na kuigeuza isiwe na nguvu kabla haijapita kwa mtoto. Sehemu kubwa hugeuzwa. Sehemu ndogo hupita. Tena ni desturi ya mwili kwamba kortisoli ya mama huongezeka mara mbili au tatu kadiri mimba inavyokua, hata kwa mama aliye na amani kabisa. Kwa hiyo mama aliyeshtuka kwa radi, au aliyegombana na jirani sokoni, asifikiri amemharibu mtoto wake. Mlinda mlango yupo.

Walakini mlinda mlango naye huchoka. Hofu ikiwa kubwa, ikakaa siku nyingi, ikashikana na njaa na ugonjwa, nyingi zaidi hupita. Kuna na jambo la pili. Kondo la nyuma hutengeneza lenyewe yule mjumbe wa kwanza, sawa na yule wa mlinzi wa ubongo. Lakini kortisoli ikiongezeka, kondo halinyamazi kama anavyonyamaza mlinzi, huongeza mwendo. Wataalamu wa Australia walioandika juu yake mwaka 1995 waliita jambo hilo saa ya kondo, maana mjumbe huyo akiongezeka mapema, na kuzaa huelekea kuja mapema.

Basi mama yetu mzazi hakukosa kabisa. Hofu yaweza kuwa mojawapo ya sababu za mtoto kutoka kabla ya wakati. Ziko na nyingine nyingi: malaria, magonjwa ya mkojo, damu kupanda, mapacha, njaa, na mara nyingi waganga hawaoni sababu yoyote. Lakini nyanya aliona machozi tu, hakuona kilichoyaleta. Machozi hayakumtoa mtoto. Aliyelia alikuwa amebeba mzigo kilometa 25, ardhi ikitetemeka chini yake, na mumewe akimkaripia. Tulipoyaelewa hayo, tulijua ni nani aliyepaswa kuinamisha kichwa siku ile.

Mjumbe wa hofu ndiye mkomazaji

Sasa tusikie ajabu nyingine. Mwaweza kufikiri kwamba kortisoli ni sumu. Hasha! Bila kortisoli mtoto hawezi kuishi nje. Katika majuma ya mwisho ya mimba, tezi za mtoto mwenyewe huiongeza sana, nayo huzunguka mwilini kama fundi anayemalizia nyumba: hapa ini liweke akiba ya sukari, pale matumbo yajitayarishe kwa maziwa. Zaidi ya yote hukomaza mapafu. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vidogo visivyohesabika, na fundi huyo huwezesha utelezi wa kuvipaka, visigandamane mtoto anapotoa pumzi. Mtoto wa miezi saba ametolewa fundi akiwa bado mlangoni.

Jambo hilo lilifunuliwa na mganga Graham Liggins wa Auckland, nchi ya New Zealand. Alikuwa akichunguza kondoo, na mwaka 1969 aliandika kwamba wana-kondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa ya jamii ya kortisoli walipumua, hali ilivyotazamiwa wafe. Ndipo yeye na mwenzake Ross Howie wakawajaribia mama 282, na mwaka 1972 wakatangaza matokeo. Katika watoto waliotoka mapema, wale ambao mama zao walichomwa sindano hiyo, 9 katika 100 walishikwa na ugonjwa wa pumzi. Wale wengine, karibu 26 katika 100. Sindano aliyochomwa mama wa mtoto wetu ni ya jamii hiyo hiyo. Tulipousikia mwanzo wake tulishangaa: mjumbe yule yule wa hofu, akija kwa kipimo na kwa saa yake, ndiye anayempa mtoto pumzi.

Lakini msiende kuinunua dukani! Mwaka 2015 uchunguzi uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ulionyesha kwamba dawa hiyo ikienezwa mahali ambapo majuma ya mimba hayajulikani vema na matunzo ya mtoto ni haba, vifo vya watoto wachanga viliongezeka badala ya kupungua. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine, katika hospitali 29 za Bangladeshi, India, Kenya, Nijeria na Pakistani, ambamo mimba zilipimwa vizuri na watoto walitunzwa, ulionyesha faida: walikufa watoto karibu 20 katika 100, na bila dawa karibu 24. Dawa ni ile ile. Kinachotofautisha ni hesabu ya majuma na mikono ya kumpokea mtoto. Ndiyo sababu twawasihi mama waanze kwenda kupimwa tangu miezi ya kwanza. Asiyejua hesabu ya mimba yake humwacha mganga gizani.

Kifua cha baba

Mtoto wetu alipumua. Lakini hospitali ile ilikuwa na kuvezi mbili tu, na ndani yake watoto wanne, na umeme ulikuwa ukienda na kurudi. Mama Sista akamvua mtoto nguo, akamwachia kofia na kitambaa, akamweka kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kikwembe. «Hii ndiyo kuvezi isiyozimika,» akasema.

Njia hiyo huitwa njia ya kanguru, kwa sababu ya mnyama wa Australia anayemlea mtoto wake katika mfuko wa tumboni. Mganga Edgar Rey Sanabria aliianza mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa kuwa hospitali yake nayo ilikosa kuvezi za kutosha. Baadaye tulipata kujua jambo lililotuduwaza. Tarehe 27 Mei 2021, siku ile ile tuliyokuwa njiani kwenda Sake, yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nijeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika 100 kabla ya siku 28. Waliongojeshwa kwanza mpaka hali yao itulie, karibu 16.

Kwa nini kifua kiokoe? Joto, maziwa, na kukingwa na maambukizo, hayo yajulikana. Lakini na mlinzi yule wa kilimani hutulia. Mtoto wa miezi saba ana mlinzi mchanga sana: mara nyingine tezi zake hazitoi kortisoli ya kutosha, na damu yake hushuka nguvu, mara nyingine hushtushwa kupita kiasi, kwani huchomwa sindano na kuguswa mara nyingi kwa siku, wakati ambapo angalikuwa gizani tumboni. Wataalamu wa Vancouver, nchi ya Kanada, waliwafuata watoto waliozaliwa mapema sana, na mwaka 2007 wakaandika: walipokuwa na miezi 3 kortisoli yao ilikuwa chini kuliko ya watoto waliotimiza wakati; katika mwezi wa 8 na wa 18 ilikuwa juu. Mlinzi wao alijifunza kazi yake katika kelele. Kifuani pa mzazi mtoto husikia mapigo ya moyo aliyoyazoea au sauti aliyoisikia, na kortisoli yake mara nyingi hushuka.

Siku ya nne mama wa mtoto wetu alishikwa na homa. Mama Sista akatugeukia: «Mwalimu, vua shati.» Tukasita. Mwanamume kufungwa mtoto kifuani kwa kikwembe? Na katika chumba kile walikuwamo watu waliotujua, pia kijana mmoja tuliyemfundisha katekisimu. «Mwalimu, waona haya?» akauliza Sista. Tukavua shati.

Alikuwa mwepesi kama ndege. Mwanzo alitetemeka, akikunja vidole na kuvikunjua, nasi tukaogopa kupumua. Kisha, kidogo kidogo, mtetemo ukakoma, akaweka shavu lake kifuani petu, akalala. Tulikaa hivyo saa tatu bila kujisogeza. Kijana yule aliyetuona hakucheka. Alikuja kutushikia kikombe cha chai. Toka siku ile tulipokezana na mama yake, mchana na usiku, muda wa majuma matano, hata mtoto akafikia kilo 2.

Ni katika saa zile tulipomwambia mama wa mtoto wetu: «Tulinyamaza mbele ya mama. Tulikosa. Hukumtoa mtoto wewe.» Alikaa kimya kitambo kirefu. Halafu akajibu: «Nilikuwa nangoja neno hilo.» Hakusema zaidi. Baadaye tulikwenda kwa mama yetu mzazi tukamweleza habari ya mlinzi na ngoma. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, na kesho yake akaja na uji kwa mkwe wake, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mama wa umri wake, hiyo ndiyo namna ya kuomba radhi.

Si laana

Turudi kwa mama wa swali. Hatukumficha kitu. Tulimweleza kwamba hapa hapa Goma, katika hospitali moja, Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na wenzake, waliwachunguza mama 25 na watoto wao wachanga. Waliwauliza mama juu ya vita, ubakaji na njaa waliyoipata, wakapima damu. Mwaka 2012 wakaandika kwamba mama waliopatwa na makuu zaidi, watoto wao walizaliwa na uzito mdogo zaidi, na katika watoto hao palionekana alama juu ya jeni moja, ile inayomsaidia mlinzi kulisikia neno «Yatosha.» Jeni yenyewe haikubadilika. Ni kama mtu aliyeweka alama katika kitabu: maneno ni yale yale, lakini ukurasa haufunguki upesi.

Mama yule aliposikia hivyo alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Tukamwambia: «Ngoja, mama, hatujamaliza.» Mama 25 ni wachache, hawatoshi kumhukumu mtoto wa mtu. Tena alama si laana. Mjini Montreal, katika Chuo Kikuu cha McGill, Michael Meaney na wenzake waliandika mwaka 2004 juu ya panya. Watoto wa panya waliolambwa na kutunzwa sana na mama yao walikuwa na alama chache juu ya jeni hiyo hiyo, nao walikua watulivu. Watoto wa mama wasiolamba, wakilelewa na mama anayelamba, walifanana na huyo aliyewalea. Mtu si panya, twajua. Lakini twaona kwamba ukurasa uliofungwa na hofu, malezi yaweza kuufungua.

«Basi nifanye nini?» akauliza.

Tukamjibu: «Wewe umefanya mengi tayari. Sasa ni zamu yetu.» Tukawageukia wale wengine, na Jumapili iliyofuata tukawaambia na wanaume, nje ya kanisa, maneno yale yale tunayowaandikia ninyi.

Baba, mimba ya mke wako ina mlinda mlango, wewe usiwe adui anayemchosha. Anayempiga mke mwenye mimba anampiga mtu wa pili asiyeweza kukimbia. Anayemkaripia kila siku anapiga ngoma katika masikio ya mtoto. Mchukulie mzigo. Mpe chakula kwanza. Mpeleke kupimwa, nawe uandike tarehe. Mtoto akitoka mapema, vua shati.

Mama wakwe na jirani, mkimwona mwanamke mwenye mimba analia, msimwambie kwamba machozi yatamwua mtoto, kwani mnamwongezea hofu juu ya hofu. Ulizeni kilichomliza, mkiondoe kama mwaweza. Kama hamwezi kukiondoa, maana vita hatuviondoi sisi, ketini karibu naye. Maria naye alimwendea ndugu yake mwenye mimba, akakaa kwake miezi mitatu.

Na ninyi mama mliokimbia, mliolala chini ya vitanda na katika madarasa, msibebe kosa lisilo lenu. Mmeibeba hofu, nanyi mmembeba mtoto pamoja nayo. Anayepaswa kujibu ni yule aliyeileta hofu.

Mama yule alizaa mwezi wa Agosti, msichana, majuma yametimia. Mumewe alikuja mwenyewe kutupa habari. Na mtoto wetu wa miezi saba anakimbia siku hizi uani. Ngurumo ikilia bado hushtuka upesi kuliko watoto wengine, akaja mbio. Hatumwambii kwamba mwanamume haogopi. Twafungua mikono, anaweka shavu pale pale alipoliweka siku ya nne, na baada ya kitambo kidogo anatelemka na kurudi kucheza.